Herufi ya Sikio

9 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Barua hii naiandika juu ya meza ya jikoni, kwa hiyo ukiona doa la mafuta pembeni usiseme mpwa wako amekuwa mchafu. Sote tuko wazima. Mama amehamishiwa upande wa kola za mashati pale kiwandani, na anasema kola ni kama watoto: zote zinafanana, na hakuna hata moja inayotii. Baba yuko safarini na lori lake. Mdogo wangu ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa hawezi kutamka jina lake mwenyewe. Mama anakusalimu sana, na analalamika kwamba simu yako inaita mpaka inachoka yenyewe.

Sasa jambo lenyewe. Jana nilipita stesheni kuu nikaona tangazo ubaoni. Vichwa vyote vya treni vya zamani vinastaafishwa mwisho wa mwaka. Kimebaki kimoja tu, namba 2906, na safari yake ya mwisho ni Jumamosi, tarehe 12 Desemba. Kitapita huku kwetu mchana kikivuta mizigo. Mjomba, ni Bi Mkubwa! Ndicho kile ulichokiendesha miaka kumi na moja.

Unakumbuka uliponipa daftari la kwanza? Nilikuwa na miaka minane. Uliniambia mambo mawili. La kwanza, kila namba ya kichwa iandikwe na herufi pembeni: M kama umekiona kwa macho, S kama umekisikia tu ukakitambua kwa mlio. M inahesabiwa, S haihesabiwi. "Daftari halidanganywi," ulisema, na ulininyooshea kidole kabisa. La pili, siku Bi Mkubwa atakapopumzika, tutasimama kando ya reli wote wawili tumuage.

Sasa nina miaka kumi na sita na niko kwenye daftari la tano. Nina M mia nne na kumi na mbili, lakini Bi Mkubwa hayumo. Kila akipita, mimi niko darasani.

Nisaidie kuchagua stesheni. Karibu nasi ziko tatu: stesheni kuu, ile ndogo ya kwenye kona chini ya kilima, na ile ya baada ya daraja. Stesheni nzuri ya kutazamia treni inachaguliwaje? Nakuuliza wewe kwa sababu huku sina wa kumuuliza. Darasani wameshanipa jina la Mataruma.

Utakuja, sivyo?

Mpwa wako,
Karani


2 Aprili

Karani wangu,

Marahaba mara mbili, moja ya kwako na moja ya kola za mama yako. Mwambie simu nimeiweka kabatini. Vitufe vyake ni vidogo kama chawa, na mimi sina kucha za kuwindia chawa. Barua inanitosha. Huku mwisho wa reli hatujambo. Mvua imenyesha na bati langu limeimba wiki nzima bila kurudia wimbo. Jirani yangu fundi viatu sasa ananifunga drafti kila siku. Yeye anasema nimezeeka, mimi nasema anaiba.

Wakikuita Mataruma, itika. Bila mataruma reli ingelala wapi?

Umeuliza habari ya stesheni. Wengi hukimbilia stesheni kuu kwa kuwa treni ni nyingi. Wanakosea. Pale treni zinakuja kupumzika, na humjui mtu kwa kumtazama amelala. Nenda mahali zinapofanya kazi, penye mlima, penye kona au penye daraja. Halafu angalia jua. Simama likiwa mgongoni kwako, ili lipige namba, lisikupige wewe. Utafute na pa kukaa, maana treni inamchelewea aliyesimama, aliyekaa inamkuta. Mwisho ni mkuu wa stesheni. Akiwa mkali, hata ukipata kona ya peponi utafukuzwa. Msalimie kwanza. Najua unaona haya. Msalimie hivyo hivyo na haya zako.

Juzi nimeona 3112 ikipanda na mabehewa ishirini na manane, inaguna kama mzee aliyebebeshwa mjukuu. Nilifurahi.

Kuhusu Desemba, yai halijatagwa wewe unauliza kuku ataliwa na nini.

Mwandiko umelala kidogo. Meza yangu ina mguu mfupi.

Mjomba


3 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Mdogo wangu ameota jino moja, limekuja upande, na analionyesha kwa kila anayepita barabarani. Mama anasema uweke kipande cha kadibodi chini ya mguu wa meza.

Nimezikagua stesheni zote tatu, nikakaa saa tatu kila moja.

Stesheni kuu ulisema kweli. Nilipata M tisa, lakini zote zilikuwa zimesimama, na katikati ya kazi askari alinijia.

"We binti, unasafiri?"

"Hapana."

"Unampokea mtu?"

"Hapana."

"Sasa unaandika nini? Unatukagua?"

Nilimwambia naandika namba. Akaniuliza namba za nini, nikasema za treni, akaniuliza za nini tena. Ni kweli, Mjomba, za nini? Nilifunga daftari nikaondoka. Kumbe wasichana wawili wa darasa letu walikuwa kwenye foleni ya tiketi, na Jumatatu darasa zima lilinipokea kwa "We binti, unasafiri?"

Stesheni ya kona ni nzuri sana. Jua la mchana linakaa mgongoni, kuna benchi la saruji, na treni unaiona tangu ikiwa kama kiberiti mpaka inakuwa nyumba. Namba unaisoma mara mbili, ikija na ikikupa ubavu. Nadhani ndiyo hiyo.

Stesheni ya daraja sikuipenda. Miti imeziba, na treni huioni mpaka imekufikia. Mkuu wa stesheni ni mama mmoja mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi. Sikumsalimia. Nilitaka, nikafungua mdomo, akaingia ndani.

Mjomba, nilimuuliza Mama kama utakuja Desemba. Alisema, "Kaka yangu akisema atakuja, atakuja." Kisha akaosha kikombe kile kile mara mbili. Tatizo ni kwamba hujasema. Utakuja?

Kama huna nafasi ya kuandika sana, nitumie kurasa zako za mwaka huu tulinganishe. Nataka kuona kama tuna namba zinazofanana.

Karani


28 Juni

Karani,

Marahaba. Nimechelewa, usinihesabie. Nilikuwa na mafua, yakapita, yakasahau kitu, yakarudi kukichukua.

Hongera kwa kazi ya stesheni. Ile ya kona ni chaguo la mtu mwenye akili. Lakini umeniandikia habari ya macho tu. Lile daraja bado ni la chuma, au wamejenga la zege? Kile kipande cha reli walichokitundika wakigonga treni ikikaribia, bado kipo?

Askari aliyekuuliza za nini, siku nyingine mwambie: ili siku moja mtu akiuliza kama ilipita, awepo wa kusema ndiyo.

Umeniuliza swali moja mara mbili. Nimelisikia mara zote mbili.

Kurasa hizo hapo, nimezichana kwa rula.

Mjomba


19 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Nyumbani wote wazima. Leo sitaeleza habari za jino.

Kurasa zako zilifika Jumanne. Nilizikunjua kwa furaha, nikachukua daftari langu, nikaanza kulinganisha. Nilipofika nusu ya ukurasa wa kwanza niliacha kutazama namba nikawa natazama herufi. S. S. S. Nikageuza ukurasa. S tupu, mpaka chini. Tangu Januari hakuna M hata moja.

Nikachukua barua yako ya Aprili. Umeandika, "Juzi nimeona 3112 ikipanda na mabehewa ishirini na manane." Kwenye ukurasa wako, mwisho wa Machi, imeandikwa 3112, mabehewa 28, S.

Kwanza nilidhani umekosea herufi. Halafu nikaona haiwezekani. Mtu aliyenipigia kelele kwa sababu ya kuandika M kwa treni iliyokuwa nyuma ya mti, hawezi kukosea herufi mara sitini na tatu.

Nimesoma barua zako zote za mwaka huu tena, nikazipanga kwa tarehe. Herufi zinakua. Mistari inashuka. Sidhani ni meza. Na umesema umelisikia swali langu. Mtu husoma swali la barua, halisikii, isipokuwa amesomewa.

Mjomba, barua inasema umeona, daftari linasema umesikia. Ni wewe uliyenifundisha lipi kati ya hayo mawili halidanganywi.

Sijamwambia mtu yeyote, hata Mama. Naomba uniambie wewe.

Karani


6 Septemba

Mjomba,

Shikamoo. Wiki saba sasa. Nilikwenda posta mara nne, na mama wa dirishani akiniona tu anatikisa kichwa kabla sijafika.

Kama barua yangu ilikuwa na utovu wa adabu, nisamehe. Niliiandika kwa haraka, na ningeinakili upya. Hapana, si kweli, niliinakili mara tatu. Kwa hiyo nisamehe kwa yote.

Mama amepiga simu tena. Imeita.

Karani


11 Oktoba

Kwa binti Karani,

Mwandiko huu si wa mjomba wako. Ni mimi jirani yake, fundi viatu. Yeye amekaa hapa kwenye kigoda changu cha wateja, anasema, mimi naandika. Ameniamuru niandike anachosema tu, nisiongeze changu. Basi tunaanza.

Marahaba, Karani. Barua zako zote mbili nilizipata. Ya kwanza fundi aliisoma mpaka mwisho, kisha akaikunja hakusema kitu, na fundi huyu hajawahi kunyamaza tangu azaliwe. (Uongo huo. Hiyo ni yangu, fundi.)

Ni presha ya macho. Ilianza pembeni, kama mtu anayefunga mapazia polepole. Daktari alisema mwanga ulioondoka haurudi, uliobaki atajaribu kuulinda. Uliobaki ni kama wa chini ya mlango. Nilikaa mwaka mzima nikijiambia ni miwani, ni taa, ni meza. Mke wangu angekuwa hai angejua siku ya kwanza. Huyu fundi alinigundua kwa wizi. Alihamisha kete zangu tatu mbele ya uso wangu.

(Nilikuwa natania tu, binti. Nilingoja apige kelele kama kawaida yake. Hakupiga. Akasema, "Cheza basi, mbona unanichelewesha." Nilizirudisha kete nikasingizia wateja, nikaingia ndani. Anasema nisiandike hili. Nimeshaandika.)

Kila jioni nakaa kwenye kibaraza. Zikipita nazijua. Naweka S, maana ndivyo ilivyo. Kwako niliandika "nimeona" kwa kuwa barua nilidhani inaweza kubeba uongo mdogo bila kuvunjika. Daftari sikuweza.

Sasa Desemba. Karani, sitakuja. Nilikuwa dereva. Watu wa reli wote huko wananijua kama mtu aliyeona bendera nyekundu kabla mwenye bendera hajaiinua. Nisimame pale wananishika mkono, "pole mzee, ngazi hiyo," na Bi Mkubwa anapita kama upepo tu? Na mama yako akijua, hataniachia nirudi kwangu. Ataniweka kwenye kona ya sebule kama mtungi, awe ananifuta vumbi. Usimwambie.

Wewe nenda stesheni ya kona, jua mgongoni. Umwone. Uandike M yako, uniandikie na mimi nisomewe. Hilo litanitosha.

(Halitamtosha. Fundi.)

Mjomba


1 Novemba

Mjomba, na fundi anayesoma,

Shikamooni nyote wawili. Mama yuko salama, ila anashona hadi Jumapili. Baba amerudi, ameleta mbuzi wa plastiki kwa mdogo wangu, na anauliza kwa nini siku hizi natembea na mtandio usoni.

Nitaeleza. Nilisoma barua yenu, nikalia kidogo, halafu nikaona kulia si kazi. Nikachukua mtandio wa Mama wa kijani, nikarudi kwenye stesheni zote tatu. Kila moja nilikaa nikajifunga macho.

Stesheni kuu, kwa sikio, haifai kabisa. Kipaza sauti kinapiga kelele kupita treni, na kila kitu kinagonga paa na kurudi. Nilisikia kitu kikubwa nikadhani ni treni ya mizigo. Kilikuwa kigari cha mtu wa maji ya chupa.

Stesheni ya kona, ambayo niliisifu sana, inadanganya. Kilima kinarudisha sauti. Treni inatoka kushoto unaisikia kulia, na nilipofungua macho nilikuwa nimeipa mgongo.

Halafu ile ya daraja, ambayo niliikataa kwa sababu haionekani. Mjomba, daraja ni la chuma. Kwanza unasikia kipande cha reli kinagongwa, maana kipo bado. Kisha kimya. Kisha daraja linaanza kunguruma, na unaweza kuhesabu magurudumu yakiingia moja moja. Treni ikitoka kwenye daraja inakutana na mlima, na hapo kichwa kinabadilisha sauti, kinaanza kuvuta pumzi. Halafu kinapita, na ardhi yenyewe inakuambia kwenye nyayo. Nilikuwa nimekaa pale Mei saa tatu nzima, sikusikia lolote kati ya hayo. Nilikuwa natazama miti.

Niliposimama nikiwa bado nimefungwa macho, nilipiga teke ndoo ya maji. Mkuu wa stesheni akatoka.

"Mwanangu, unacheza kujificha? Mbona huna mwenzako?"

Nilivua mtandio, na kwa kuwa viatu vyangu vilishalowa na aibu ilikuwa imeshakwisha yote, nilimsalimia. Kisha nikamwambia natafuta stesheni kwa ajili ya mtu asiyeona. Akaniuliza ni nani. Sikutaja macho zaidi ya hapo, nilisema tu ni dereva wa zamani wa 2906. Akavua miwani yake ya uzi.

"Yule wa mbili fupi moja ndefu?"

Sikujua. Akanieleza kwamba kila ulipofika kwenye daraja ulipiga honi mara mbili kwa ufupi na moja kwa urefu, na kwamba alikuwa karani mdogo wa tiketi wakati huo, na saa yake ilikuwa haifanyi kazi, kwa hiyo alikuwa anaanza kupika kwa honi yako. Alisema kuna benchi karibu na nguzo ya tatu, halina ngazi hata moja, na hakuna mtu wa kukushika mkono usipotaka.

Mjomba, nani aliandika sheria kwamba S haihesabiwi? Ni wewe. Aliyeandika anaweza kufuta.

Sijamwambia Mama. Lakini juzi aliniuliza, "Mjomba wako ana nini?" nikasema sijui, na huo ni uongo wangu wa kwanza kwake mwaka huu. Siri ni yako, sitaitoa. Ila nimechoka kuibeba. Mwambie mwenyewe.

Karani


24 Novemba

Karani,

Marahaba. Fundi anaandika, na leo nimemtishia.

Jana nilitoa simu kabatini. Fundi alibonyeza, mimi nikazungumza. Mama yako akasema, "Kwa hiyo miaka miwili nakushonea mashati ya mistari, wewe huioni mistari?" Tukacheka. Halafu hatukucheka. Mengine ni ya mtu na dada yake.

Nitapanda treni ya tarehe 8. Fundi ananipandisha, mama yako ananipokea. Tiketi ya kurudi nimekata kabisa, ya tarehe 20, na nimemtajia mama yako namba ya kiti ili asahau habari ya mtungi.

Lakini sikiliza. Nakuja kwa sababu ya lile daraja, si kwa sababu ya hesabu. Sheria ya daftari ni sheria. Mimi nitaandika S na haitahesabiwa. Wewe utaandika M. Hapo stesheni ya daraja miti imeziba, kwa hiyo utakuwa na nafasi ndogo sana ya kusoma namba. Kaa macho.

(Amenunua viatu vipya. Nimempunguzia soli ili asikie ardhi. Fundi.)

Mjomba


27 Desemba

Mjomba,

Shikamoo. Umeondoka wiki moja tu, na kiti chako bado hakuna anayekikalia, hata mdogo wangu, ambaye hukalia kila kitu. Mama ameshona shati lingine. Amesema safari hii kitambaa amekichagua kwa mkono, akiwa amefumba macho, na muuza duka alimwona mwehu.

Nina jambo la kukiri, na nimelichelewesha siku kumi na tano.

Tarehe 12 tulipokaa pale kwenye benchi, mimi nikiwa na daftari wazi na kalamu mkononi, nilikuwa nimejipanga kabisa. Nilijua mahali namba ingetokea kati ya nguzo na mti wa mwisho. Nilikuwa nimehesabu: sekunde tatu, labda nne. Miaka minane nilikuwa nimezingoja sekunde hizo.

Kipande cha reli kikagongwa. Ukaniambia, "Kimya sasa." Daraja likaanza. Ukasema, "Anatembea vizuri kwa umri wake." Mama upande wako wa pili alikuwa amekunja mikono kama mtu aliye ofisini kwa watu.

Halafu honi. Mbili fupi, moja ndefu. Mkuu wa stesheni alikuwa amezungumza na dereva bila kuniambia mimi wala wewe. Nilisikia unavuta pumzi, nikageuka.

Mkono wako wa kulia ulikuwa umepanda juu, Mjomba. Ulikuwa umeshika kitu ambacho hakipo, pale juu ya sikio, na ulipofika wakati wa ile ndefu uliuvuta chini taratibu na kuushikilia mpaka sauti ikaisha. Uso wako ulikuwa wa mtu aliye kazini. Sijawahi kukuona hivyo. Nilipozaliwa ulikuwa umeshaacha kuendesha.

Ukageuka kwangu, mabehewa bado yanapita, ukaniuliza kwa sauti kubwa, "Umeiona namba?"

Nikasema, "Nimeiona, Mjomba."

"Bado ni nyeupe?"

"Nyeupe. Wameipaka rangi upya."

Ukafurahi, ukanipiga begani.

Rangi ile niliitunga. Namba sikuiona. Bi Mkubwa alipita mbele yangu kwa sekunde nne nilizozingoja tangu nikiwa na miaka minane, na zote nilikuwa nakutazama wewe. Nilipogeuza shingo palikuwa na behewa la tatu la saruji.

Nilidhani ningeweza kuandika M. Hakuna ambaye angejua, na wewe mwenyewe ulishanisikia nikisema. Nilikaa na kalamu siku nyingi. Lakini daraja nililisikia, mlima niliusikia, honi niliisikia, na nyayo ziliniambia. Nikaandika ilivyokuwa. Ukurasa huo hapo ndani, nimeuchana kwa rula. Mwambie fundi asome mstari wa mwisho:

12 Desemba. Stesheni ya daraja. 2906. S.

Nimebaki na M mia nne sabini na moja. Haikuongezeka.

Karani


Januari, tarehe fundi hakuniambia

Karani

Hii naandika kwa mkono wangu. Fundi nimemtoa nje na kigoda chake. Kama mistari imepandiana, vumilia.

Ihesabu.

Mjomba